Ricky Nelson: Mtoto Aliyelelewa Mbele ya Macho ya Watu

Wako watu ambao hujulikana kabla hawajajijua wenyewe. Mtoto wa mfalme ni mmoja, na mtoto wa tajiri mkubwa ni wa pili. Lakini tangu televisheni ilipoingia duniani amezaliwa na wa tatu, naye ni yule ambaye nyumba yao imegeuzwa mchezo wa kutazamwa na mamilioni ya watu. Ninayetaka kumsimulia leo ni wa aina hiyo ya tatu. Ni marehemu Ricky Nelson wa Marekani, mchezaji wa televisheni tangu utotoni, aliyetoa santuri yake kubwa ya kwanza mwaka wa 1957 akiwa na umri wa miaka 17. Santuri hiyo ilipanda mpaka nambari ya kwanza nchini mwake. Kisha ikawa kwamba miaka 28 iliyomsalia hapa duniani aliitumia kuwaomba watu wamhesabu kuwa mtu mzima.

Sisi watu wa pwani tuna neno letu kubwa, nalo ni sitara. Nyumba zetu zina baraza na zina ndani. Mgeni hukaribishwa barazani, akapewa kahawa na mazungumzo mema, lakini ndani haingii ila kwa hodi na kwa kukaribishwa. Tena wazee wametuachia kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa nyumba ya akina Nelson mambo yalikuwa kinyume, maana huko mlango uliachwa wazi miaka na miaka na hodi haikuulizwa. Ndiyo sababu nimeona maisha ya kijana huyu yanatufaa kuyazingatia, ijapokuwa aliishi mbali nasi na kwa desturi zisizokuwa zetu.

Nyumba isiyokuwa na hodi

Jina alilopewa na wazazi wake ni Eric Hilliard Nelson. Alizaliwa tarehe 8 Mei 1940 huko Teaneck, katika jimbo la New Jersey. Baba yake, Bw. Ozzie Nelson, alikuwa amesomea sheria, lakini akaiacha akashika muziki, akawa kiongozi wa bendi iliyokuwa na sifa kubwa katika miaka ya 1930. Mama yake, Bi. Harriet Hilliard, alikuwa mwimbaji wa bendi hiyo hiyo na mchezaji wa senema. Kwa hiyo nyimbo hazikumfikia Ricky kutoka nje. Alizaliwa akazikuta nyumbani.

Mwaka wa 1944 wazazi wake walianzisha kipindi cha redio kilichohusu maisha ya baba, mama na wana wawili, na jina la kipindi lilikuwa majina yao wenyewe, Ozzie na Harriet. Mwanzoni, sauti za wale wana wawili zilikuwa za watoto wengine waliolipwa kuigiza. Mwaka wa 1949 David, aliyekuwa na miaka 12, na Ricky, aliyekuwa na miaka 8, wakaingia wenyewe. Tangu siku hiyo Ricky alilipwa kwa kuwa Ricky. Alikuwa mtoto mdogo wa umbo, mwenye haya na mwenye kuugua pumu. Lakini katika kipindi alipewa kuwa mtoto mtundu mwenye majibu ya haraka, na maneno aliyoyasema yalitoka kwenye kalamu ya baba yake na waandishi wenzake.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1952 kipindi kikahamia kwenye televisheni, katika shirika la ABC, kikaendelea hadi mwaka wa 1966. Vipindi 435 kwa jumla vilionyeshwa. Nyumba iliyoonekana kwa nje ilikuwa nyumba yao halisi ya Hollywood, na vyumba vilivyojengwa ndani ya studio vilifanywa kwa mfano wa vyumba vyao. Bw. Ozzie alikuwa mwongozaji, mwandishi, msimamizi na baba, yote kwa pamoja. Mwana akikosea mchezoni alikosolewa na baba, na akirudi nyumbani alikaa meza moja na msimamizi wake. Nimelifikiria sana jambo hili. Mtoto wa fundi wa jahazi naye hufanya kazi chini ya baba yake, lakini jua likichwa jahazi hubaki pwani na mtoto akaenda zake. Ricky hakuwa na pwani ya kuiachia kazi yake.

Wimbo mmoja mwisho wa kipindi

Kunako mwaka wa 1957 vijana wa Marekani walikuwa wameingiwa na wazimu wa muziki mpya wa rock 'n' roll, na jina lililokuwa kila mdomoni ni Elvis Presley. Inasimuliwa kwamba msichana aliyekuwa rafiki wa Ricky alimsifu Elvis kupita kiasi, na Ricky, kwa wivu wa ujana, akajigamba kwamba yeye pia yu karibu kutoa santuri. Hakuwa na santuri wala mkataba. Lakini alikuwa na baba aliyeijua biashara ya muziki ndani na nje, akamwendea.

Bw. Ozzie hakumkataza. Alimpeleka kurikodi katika kampuni ya Verve, kisha tarehe 10 Aprili 1957 akamweka katika kipindi akiimba mbele ya bendi. Wimbo aliouchagua ni wa Fats Domino, mwimbaji mweusi wa New Orleans, aliyeutunga pamoja na Dave Bartholomew. Ni haki kulitaja hili, kwani katika siku zile vijana wengi weupe walipata jina na mali kwa nyimbo zilizotoka kwa weusi, na weusi wenyewe milango ya televisheni ilikuwa migumu kwao. Upande wa pili wa santuri uliwekwa wimbo wa polepole wa mapenzi ya ujana. Pande zote mbili zilipendwa, na jina la Ricky likapaa nchi nzima kwa muda wa wiki chache.

Tuangalie namna jambo lilivyofanyika, kwa sababu hapo ndipo palipo siri. Mwimbaji mwingine wa wakati ule alizunguka mji hadi mji, akiimba katika kumbi na maonyesho, akiomba watangazaji wa redio waicheze santuri yake. Ricky kila wiki aliingia sebuleni kwa watu wasiohesabika bila ya kutoa nauli. Kipindi kilipokaribia kwisha, hadithi ilitengenezwa ili kuwe na karamu au dansi, kijana ashike gita na aimbe wimbo mmoja. Baada ya hapo wasikilizaji waliitafuta santuri madukani. Wazazi waliomwogopa Elvis kwa mitikisiko yake hawakuwa na la kumlaumu huyu, maana alikuwa akiimba chini ya dari la baba yake na mama yake akimtazama kwa furaha. Muziki uliokuwa ukihesabiwa ghasia ukavishwa kanzu safi, ukakaribishwa nyumbani.

Santuri kubwa ya kwanza

Mzozo kuhusu malipo ukamtoa Ricky katika kampuni ya Verve, akajiunga na Imperial ya Bw. Lew Chudd. La ajabu ni kwamba Imperial ndiyo kampuni ya Fats Domino mwenyewe, mwenye wimbo ule ule alioanza nao. Huko alitoa santuri ndogo iliyouzwa zaidi ya milioni moja, na mwezi wa Novemba 1957 ikafuata santuri kubwa ya nyimbo 12 iliyopewa jina fupi kabisa: "Ricky". Mwanzoni mwa mwaka wa 1958 ikasimama nambari ya kwanza katika orodha ya gazeti la Billboard.

Nimeisikiliza santuri hii mara nyingi, na kila mara naona kwamba ndani yake wamo watu wawili wanaosemezana kwa adabu. Mmoja ni kijana. Huyu ameleta nyimbo za Carl Perkins, aliyekuwa kipenzi chake, na wimbo wa mbio wa Jerry Lee Lewis uliokuwa ukitikisa nchi mwaka ule ule. Wa pili ni nyumba yao. Nyumba imeleta nyimbo za polepole za mapenzi, nyingine za tangu mwaka wa 1929 na 1930, wakati Bw. Ozzie alipokuwa kijana na bendi yake. Upo na wimbo wa Cole Porter kutoka katika senema ya "High Society" ya mwaka wa 1956, wimbo ambao mama angeweza kuuimba akipanga maua mezani.

Wataalamu wengi hupenda kuzisifu zile nyimbo za mbio na kuzipuuza zile za polepole. Mimi naona vingine. Katika nyimbo za mbio Ricky ni mwanafunzi mwema anayewafuata walimu wake kwa bidii. Katika nyimbo za polepole ndimo sauti yake mwenyewe inamoanza kusikika. Haikuwa sauti kubwa wala ya kupanda sana. Aliimba karibu na kinasa sauti kama mtu anayezungumza na mtu mmoja chumbani, hapigi kelele, halii, hajifanyi kuumia kuliko alivyoumia. Wasomaji wanaomkumbuka Jim Reeves, ambaye santuri zake zilipendwa sana hapa Kenya, wataelewa ninayoyasema. Kuna uimbaji unaomwamuru msikilizaji, na kuna uimbaji unaomwachia nafasi. Huu wa Ricky ulimwachia nafasi.

Lakini ni nani aliyemsikia? Walionunua santuri hiyo walikuwa wamemjua tangu akiwa mtoto wa miaka minane. Waliponunua sauti yake walikuwa wananunua pia ile nyumba, baba yule na mama yule. Na wenye kukosoa nao wakasema upesi kwamba huyu si mwimbaji, bali ni bidhaa ya baba yake iliyotiwa gita mkononi. Mpenzi na adui walikutana mahali pamoja, kwani wote wawili walimtazama Ricky na wasimwone ila mtoto wa Ozzie.

Alivyojitafutia watu wake

Kama ingalikuwa kweli kwamba kijana huyu ni sanamu tu, angalikaa kimya na kula neema. Hakukaa. Jambo la kwanza alilolifanya baada ya santuri ile ni kutafuta bendi yake mwenyewe, ya vijana wa rika lake. Alimpata James Burton, mpiga gita kijana kutoka Louisiana, akamleta, naye akakaa nyumbani kwa akina Nelson kwa muda. Burton akawa mmoja wa wapiga gita wakubwa wa Marekani, na baadaye, tangu mwaka wa 1969, ndiye aliyeongoza bendi ya Elvis jukwaani. Kadhalika ndugu wawili, Johnny na Dorsey Burnette, walikuwa watunzi wasiokuwa na kazi. Inasimuliwa kwamba walikwenda wakakaa vidatoni mbele ya nyumba ya Ricky mpaka alipotoka, wakamwimbia nyimbo zao papo hapo. Ricky hakuwafukuza. Alizichukua nyimbo zao na zikawa miongoni mwa bora alizoziimba.

Tarehe 4 Agosti 1958 gazeti la Billboard lilianza orodha mpya ya nyimbo 100, ambayo mpaka leo ndiyo kipimo cha nyimbo huko Marekani. Wimbo wa kwanza kabisa kusimama kileleni mwa orodha hiyo ulikuwa wa Ricky Nelson, "Poor Little Fool", uliotungwa na Sharon Sheeley, msichana ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 20. Ricky mwenyewe hakupenda utolewe kama santuri ndogo. Kampuni iliutoa, naye akakataa kuchagua picha ya kuwekwa juu ya jalada. Ni upinzani mdogo, lakini kwa mtu aliyezoea kuambiwa simama hapa na sema hivi, si mdogo.

Baina ya mwaka wa 1957 na 1962 nyimbo zake kama 30 ziliingia katika 40 za juu. Mwaka wa 1959 alionekana katika senema ya "Rio Bravo" pamoja na John Wayne na Dean Martin, na watu wakakiri kwamba kijana anajua kusimama mbele ya kamera bila ya baba yake. Mwaka wa 1961 ulitoka wimbo wake mwingine uliofika nambari ya kwanza, "Travelin' Man". Bw. Ozzie alimpiga picha akiimba kisha akazichanganya picha hizo na za miji na visiwa vya mbali. Wapo wanaosema hapo ndipo ulipoanza mtindo wa picha za kuonyesha nyimbo ambao siku hizi umeenea dunia nzima. Hapa nampa Bw. Ozzie haki yake. Alikuwa baba mwenye mkono mzito, lakini pia alikuwa mtu mwenye jicho.

Tarehe 8 Mei ya mwaka huo huo Ricky alitimiza miaka 21, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo aitwe Rick. Herufi moja tu aliiondoa. Watu wakaendelea kumwita Ricky, na hata mimi katika makala haya nimeshindwa kufanya vingine.

Miaka ya ukame

Mwaka wa 1963 alimwoa Kristin Harmon, binti wa mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, wakapata watoto wanne. Mwaka huo huo kampuni ya Decca ilimpa mkataba wa miaka 20. Mkataba kama huo ni sawa na kununua shamba kwa kuangalia mvua ya mwaka mmoja, kwani mwezi wa Februari 1964 Beatles walitua Marekani kutoka Uingereza, na karibu waimbaji wote wa zama za kina Nelson wakasahauliwa kwa mara moja. Mwaka wa 1966 kipindi cha nyumbani kikafungwa. Rick Nelson alikuwa na umri wa miaka 26, na tayari alikuwa ni kumbukumbu.

Wengi katika hali hii huvaa nguo zao za zamani na kuzunguka wakiimba yale yale. Yeye alijaribu njia nyingine. Alirudi kwenye muziki wa mashambani aliokuwa akiupenda, ule unaopigwa kwa gita la chuma linalolia kama mtu anayeimba. Mwaka wa 1969 aliunda bendi iliyoitwa Stone Canyon Band. Ndani yake alikuwamo Randy Meisner, ambaye baada ya muda mfupi alikuwa mmoja wa walioanzisha kundi la Eagles. Mtindo uliokuja kuwatajirisha wengine katika miaka ya 1970, Rick Nelson alikuwa akiupiga mapema katika ukumbi mdogo wa Troubadour mjini Los Angeles, mbele ya watu wachache waliokuja kusikiliza na si kukumbuka.

Usiku wa kuzomewa

Tarehe 15 Oktoba 1971 alialikwa New York, katika ukumbi mkubwa wa Madison Square Garden, kwenye tamasha la waimbaji wa zamani. Chuck Berry na Bo Diddley walikuwamo. Watu walikuja kuutafuta ujana wao. Rick Nelson akapanda jukwaani na nywele ndefu na mavazi ya siku zile, akaimba baadhi ya nyimbo zake za kale, wakamshangilia. Kisha akaingiza wimbo mpya wa Rolling Stones. Ukumbi ukabadilika, zomeazomea ikasikika. Wako waliosema baadaye kwamba waliozomewa ni polisi waliokuwa wakiwatoa watu wakorofi huko nyuma. Huenda. Lakini mtu aliye jukwaani hana macho ya nyuma ya ukumbi. Aliondoka jukwaani akiamini kwamba wamemkataa yeye.

Wasomaji wanakijua kisa cha baba na mwana na punda wao. Baba alipopanda, watu walimlaumu kwa kumtembeza mtoto. Mtoto alipopanda, wakalaumu kukosa adabu. Walipopanda wote, wakamwonea huruma punda. Walipotembea wote, wakachekwa kwa ujinga. Rick Nelson alirudi kwake na mafunzo ya kisa kile kile. Akatunga mwenyewe wimbo wa kuusimulia usiku ule, "Garden Party", akautoa mwaka wa 1972. Hakutukana mtu ndani yake. Ukafika nambari ya sita katika orodha ile ile aliyoifungua mwaka wa 1958. Kwangu mimi huo ndio wakati wake mkubwa kuliko ule wa santuri ya kwanza. Santuri ya kwanza alipewa na nyumba yao. Wimbo huu aliupata kwa aibu yake mwenyewe, na hakuna baba aliyemwandikia maneno.

Bw. Ozzie alifariki mwaka wa 1975. Ndoa ya Rick nayo ilivunjika kwa talaka mwaka wa 1982, baada ya ugomvi mrefu na wa gharama kubwa. Mambo yaliyokuwa baina ya mume na mke nayaacha ndani. Yalitosha kuanikwa wakati ule.

Safari ya mwisho

Katika miaka yake ya mwisho alikuwa mtu wa safari, akiimba mji huu leo na mji mwingine kesho. Alinunua ndege kuukuu aina ya DC-3 iliyotengenezwa mwaka wa 1944, ambayo hapo kabla iliwahi kuwa mali ya Jerry Lee Lewis, yule yule mwenye wimbo wa mbio ulioimbwa na Ricky katika santuri yake ya kwanza. Usiku wa tarehe 30 Desemba 1985 aliimba huko Guntersville, Alabama. Kesho yake waliruka kuelekea Dallas, ambako alikuwa aimbe mkesha wa mwaka mpya. Ndege ikashika moto angani. Marubani wawili wakaitua katika uwanja karibu na De Kalb, Texas, wakatoka wakiwa wameungua vibaya. Abiria wote saba walikufa. Miongoni mwao walikuwa Rick Nelson, mchumba wake na wanabendi wake. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Hata kabla ya uchunguzi kwisha, magazeti yalikwisha kuhukumu. Iliandikwa kwamba moto uliwashwa na abiria waliokuwa wakivuta madawa ya kulevya ndani ya ndege. Habari ikazunguka Marekani nzima, ikaingia katika mazungumzo ya watu na ikakaa. Kumbe wachunguzi wa serikali, walipomaliza kazi yao, hawakupata ushahidi wa kwamba moto ulianza hivyo. Shaka kubwa ilikiangukia chombo cha kutia joto ndani ya ndege, ambacho kilikuwa kikisumbua safarini, ingawa asili ya moto haikuthibitishwa kwa yakini. Sitaficha kwamba vipimo vilionyesha athari za madawa mwilini mwa marehemu. Lakini mtu kuwa na dosari ni jambo moja, na kumzulia kwamba alijichoma na kuwachoma wenziwe ni jambo jingine. Ripoti ilitoka ikachapishwa kwa herufi ndogo, na uzushi ukabaki na herufi zake kubwa. Mpaka leo wapo watu wanaousimulia kana kwamba walikuwamo ndani ya ndege.

Dini yetu imetufundisha uzito wa kumsengenya mtu aliye hai anayeweza kujitetea. Basi vipi yule aliyelala kaburini? Kwa Ricky Nelson uzushi ule ulikuwa mwendelezo wa mambo yaliyoanza akiwa na miaka minane. Watu walikuwa wamezoea kuingia kwake bila ya hodi, hata mauti yake wakayaingia vivyo hivyo.

Kilichobaki

Mwaka wa 1987 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la wanamuziki wa rock 'n' roll. Wanawe mapacha, Gunnar na Matthew, waliunda kundi lao, na mwaka wa 1990 wimbo wao ukafika nambari ya kwanza. Hivyo babu, baba na wajukuu wote wamewahi kuonja kilele, kwani Bw. Ozzie naye alikifikia na bendi yake mwaka wa 1935. Bi. Harriet alifariki mwaka wa 1994, na David, aliyekuwa wa mwisho kubaki katika wale wanne wa televisheni, alifariki mwaka wa 2011.

Nimeyaandika haya kwa sababu mlango uliofunguliwa na akina Nelson kwa kamera kubwa na shirika zima la televisheni, siku hizi unafunguliwa na mzazi yeyote mwenye simu mkononi. Mtoto anacheka, anarikodiwa; analia, anarikodiwa; anaimba kaswida kwa sauti tamu, na kabla ya magharibi ameonwa na watu ambao hawajui hata jina la mtaa wake. Wazazi hawa hawana nia mbaya, kama Bw. Ozzie alivyokuwa hana nia mbaya. Alimpenda mwanawe, alimfunza kazi, alimtafutia riziki. Alichomnyima ni chumba kimoja tu ambamo angekosea bila ya kuonekana.

Ukibahatika kuipata ile santuri ya mwaka wa 1957, usianze na nyimbo za mbio. Tafuta zile za polepole na uzisikilize jioni, nyumba ikiwa imetulia. Utamsikia kijana wa miaka 17 akiimba kwa sauti ya chini, kama mtu ambaye angependa asisikiwe na wote, ila na mmoja tu.